Ndama Walioandikwa Sifuri

Programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilisema bibi yule hana hata ndama mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ndama wake. Mmoja alikuwa anatafuna pindo la koti langu. Asubuhi ya Nainokanoka ina baridi ya kuuma masikio, na ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya zizi, lakini haukuwa mzito kiasi cha kumficha ndama. Mkononi nilishika orodha niliyoichapa mwenyewe ofisini Karatu. Kushoto maboma, kulia idadi ya ndama wa kuchanjwa. Mbele ya boma lile palikuwa na sifuri.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Nikasoma wa juu yake na wa chini yake, labda nimekosea boma. Kisha nikaanza kujiuliza kama ndama wale si wa jirani. Ndivyo nilivyo. Nyumba ikiwaka moto, mimi kwanza nitajiuliza kama macho yangu yako sawa.

Watu wa mradi tulikuwa wanne siku ile. Bosi wetu alikuwa amekuja kwa ajili ya picha za ripoti, amevaa kofia mpya ya ukingo mpana. Bwana mifugo alikaa nyuma ya gari akilinda mtungi wa naitrojeni uliobeba chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama wa nyanda zile. Wa tatu alikuwa mkusanyaji wa taarifa, mwanamume wa makamo aliyezaliwa kilima cha pili kutoka pale. Kwa miezi miwili alikuwa ametembea boma kwa boma, akiandika mifugo kwenye kikompyuta cha mkononi alichokitundika shingoni chini ya shuka. Wa nne ni mimi, binti wa Rhotia, miezi minane tangu nitoke chuo kikuu, niliyeitwa mtaalamu wa mfumo kwa sababu ofisi nzima hakuna mwingine aliyejua kuandika programu.

"Boma hili halina dozi," bwana mifugo akasema.

"Halina vipi?" mkusanyaji akauliza. "Ndama si hawa hapa?"

"Nawaona, kaka. Lakini nimeyeyusha kwa idadi ya orodha. Chanjo hii ikishatoka kwenye baridi ina saa chache tu, na zilizobaki ni za maboma ya mbele. Nikimpa huyu, wa mwisho atakosa."

Bibi mwenye boma alikuwa mjane. Alikuwa ameamka kabla ya jua kuchomoza ili kuwatenganisha ndama na mama zao, amewafunga mmoja mmoja kwa kamba, tayari kwa sindano. Aliuliza kwa Kimaasai kuna nini, na mkusanyaji, aliyekuwa akimwita yeyo kama mama yake mzazi, akamweleza kwa sauti ya chini. Bosi akaona amsaidie.

"Mwambie mama, kwenye mfumo hana ndama. Si sisi. Data ndiyo inasema."

Mkusanyaji alitafsiri. Bibi akamtazama bosi kuanzia kofia hadi viatu, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, kisha akasema maneno machache. Mkusanyaji akasita.

"Anasema nini?" bosi akauliza.

"Anauliza kama kwenye mfumo yeye mwenyewe yupo."

Bwana mifugo alicheka akageukia mtungi wake. Bibi hakucheka. Alininyooshea mimi kidole, akaongeza jambo jingine, na mkusanyaji akalitafsiri huku akiangalia chini: "Anauliza huyo anayekula nguo yako ni wa nani, kama hayupo."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, nikawa nachagua ipi inafaa, na wakati nachagua bosi alikuwa ameshamgeukia mkusanyaji.

"Wewe hapa uliandika nini?"

"Niliandika alichonieleza."

"Idadi ulijaza?"

"Idadi hakunipa."

"Na hukuhesabu? Una macho mawili, umesimama zizini, hukuhesabu?"

Mkusanyaji alipangusa pua kwa kona ya shuka. "Bosi, huwezi kuingia kwenye zizi la mama wa watu ukaanza moja, mbili, tatu. Utaonekana umekuja kuwapunguza. Yeye anakutajia. Ukimsikiliza mpaka mwisho, umewapata wote."

Bosi akamwambia apande gari, aje Karatu kueleza alichokifanya. Tuliondoka tukamwacha bibi anafungua kamba. Alizifungua bila haraka, na kila ndama aliyefunguliwa alimpiga kofi dogo kiunoni aende kwa mama yake. Njia nzima hadi geti la hifadhi niliikunja na kuikunjua ile orodha, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Sikujua kosa liko mstari gani, lakini nilijua liko kwangu.

Lazima nieleze vizuri, maana watu wakisikia kompyuta imekosea hufikiri ni radi au virusi.

Vikompyuta vya mkononi vilitoa taarifa katika muundo unaoitwa JSON. Ni maandishi ya kawaida tu: jina, nukta mbili, jibu. Idadi ya ndama, nukta mbili, kumi na moja. Jibu lenyewe laweza kuwa furushi lenye majina na majibu mengine ndani yake, na ndani ya furushi hilo furushi jingine. Chuoni tulifundishwa kusoma mafurushi hayo kwa kuyaita kwa majina. Nipe jina la mwanafunzi. Nipe alama yake. Mifano yote ilikuwa ya wanafunzi na alama, ambako kila furushi lina majina yaleyale na mwalimu ndiye aliyeyapanga. Hakuna aliyetuambia la kufanya ukikuta furushi ambalo majina yake amepanga mtu mwingine, mbali na wewe, kwa sababu zake.

Fomu yetu ilikuwa na kitufe kilichoandikwa Ongeza. Kiliwekwa kwa sababu mradi ulifanya kazi sehemu zisizofanana: huku ng'ombe, Mang'ola punda na mbuzi, vijiji vya Rhotia ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya jiko. Mkusanyaji akikosa nafasi kwenye fomu, abonyeze Ongeza, aandike jina analotaka na jibu lake. Sisi wenyewe tuliwapa kitufe hicho. Tuliwapa, halafu tukaandika programu isiyotaka kujua walichokiongeza.

Nasema tuliandika. Niliandika mimi.

Nilipokuwa naitengeneza, swali lilinijia wazi kabisa: programu ifanye nini ikitafuta idadi ya ndama na isiikute? Nililifikiria siku tatu, nikichora visanduku kwenye daftari. Isimame? Iendelee? Mwishowe niliifanya itoe onyo, mstari mwekundu unaosema boma hili halijasomeka. Nikafurahi. Wiki ileile wageni wa mfadhili walikuja ofisini, bosi akawaonyesha kompyuta yangu, na kioo kikajaa mistari myekundu.

Wageni walipoondoka aliniita.

"Hivi ulitaka kuniaibisha au ilitokea tu?"

"Bosi, ni maonyo. Kuna maboma ambayo—"

"Mimi nataka data safi. Kisichojulikana kitupwe. Pasipo na namba weka sifuri, maisha yaendelee."

"Lakini sifuri maana yake tumeangalia hakuna. Hii ni hatujui."

"Binti, wewe umesoma sana," akasema, na kwake hilo halikuwa sifa. "Weka sifuri."

Nikaweka. Ilinichukua dakika moja. Siku tatu za kufikiri zilifutwa na dakika moja ya kuogopa, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani zaidi, yeye aliyesema au mimi niliyebonyeza.

Asubuhi baada ya safari ile tulikaa ofisini, mimi na mkusanyaji. Ofisi ilikuwa barabara kuu ya Karatu, juu ya duka la vipuri, na nje malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yalikuwa yakipiga honi kuachiana njia na magari ya watalii. Bosi alikuwa ametuachia maneno: mpaka Alhamisi mchana awe na maelezo. Mtungi ungerudi Arusha Ijumaa kujazwa, na boma lisilokuwa kwenye orodha ya awamu ya pili, baada ya wiki tatu, lingesubiri mwaka ujao. Ndama wa mwaka huu asiyechanjwa mwaka huu, mwaka ujao si ndama tena. Akiwepo.

Nilifungua faili la boma la bibi, maandishi yenyewe ghafi, kabla programu yangu haijayagusa. Aibu yangu ni kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeangalia kile ambacho programu iliniambia, sikuwahi kuangalia kile ilichoambiwa.

Yalikuwa mengi. Yalijaza kioo, yakashuka chini, yakaendelea.

"Haya ni majina ya nani?" nikauliza.

"Ya ng'ombe. Mama zao." Alivuta kiti. "Huyu hapa tunamwita Aliyetoka kwa Kaka. Yeyo alipewa na kaka yake siku alipofiwa. Ndama wake jike, wa mvua za vuli. Huyu ni Aliyerudishwa. Aliibiwa, wezi wakafuatwa, akarudi na mimba. Huyu Mwenye Doa Shingoni. Huyu wa mahari ya binti yake mdogo."

Kwa kila ng'ombe alikuwa amebonyeza Ongeza, akaandika jina lake kwa Kimaasai, na ndani ya furushi la jina hilo akaandika ndama: dume au jike, msimu aliozaliwa, kama ana kovu au amechoka. Hakuruka hata mmoja. Nafasi ya idadi aliiacha wazi, kwa sababu bibi hakumpa idadi na yeye hakuona heshima kumwekea moja. Ilinikumbusha bibi yangu mzaa mama kule Rhotia. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi hakujibu namba. Alianza na mkubwa na kukutajia, na ukimkatiza alianza upya.

"Maboma mangapi umeandika hivi?"

"Yote ambayo mama mwenye ng'ombe alinitajia. Kumi na tisa."

Nikachukua orodha yangu nikahesabu sifuri. Zilikuwa kumi na tisa.

Halafu, kwa kuwa siwezi kuacha jambo likiwa baya kiasi chake, nikaangalia kazi za wakusanyaji wengine. Kulikuwa na mmoja ambaye bosi alimsifia kila kikao, aliyemaliza eneo lake kwa siku chache. Maboma yake yote yalikuwa na idadi safi: kumi, kumi na tano, ishirini, kumi, ishirini na tano. Hakuna boma lenye ndama kumi na tatu. Mtu yule hakushuka kwenye pikipiki. Maboma yake yalipata dozi, na nyingine zilimwagwa kwa kukosa ndama. Huyu niliyekaa naye alimwandika kila mnyama hadi kovu lake, nikampa sifuri.

"Mbona unagonga vitufe hivyo?" akaniuliza.

"Nina hasira."

"Na nani?"

Nikaanza kazi.

Jambo lenyewe si gumu ukishakubali kwamba hujui. Badala ya kuliambia furushi nipe idadi ya ndama, unaliuliza kwanza: una majina gani humo ndani? Linakupa orodha, na wewe unapita jina kwa jina bila kujali linasema nini. Kwa kila jina unaangalia jibu lake lina umbo gani. Kama ni neno tu au namba tu, unalitunza na kusonga mbele. Kama ni furushi, unaingia, unauliza tena swali lilelile, mpaka usibaki na cha kufungua. Nikaamua kwamba furushi lolote ambalo kati ya majibu yake kuna neno jike au dume, huyo ni mnyama, jina lake liwe lolote. Nikasita.

"Je, kama umeandika na fahali humo? Au mbwa?"

"Fahali ana nafasi yake kwenye fomu yenu, nilimjaza pale. Mbwa sijamwandika. Mfadhili anataka mbwa?"

"Hapana. Nilikuwa nafikiria tu."

"Unafikiri sana wewe, mdogo wangu. Ungekuwa ng'ombe usingekonda, ungekuwa unacheua mchana kutwa."

Umeme ulikatika kabla sijamaliza. Laptopu ilikuwa na chaji kidogo, nikapunguza mwanga wa kioo mpaka nikawa nasoma kwa kuinama. Mara ya kwanza kuiendesha, boma la bibi lilitoka na ndama pungufu ya mmoja. Mkusanyaji hakuangalia kioo. Alikuwa akinitajia kwa kichwa, kidole kimoja kimoja akikikunja kwenye goti lake chini ya shuka, nadhani asionekane anahesabu.

"Yule Mweusi Mkubwa alizaa pacha," akasema. "Umemchukua mmoja."

Kweli. Alikuwa ameandika mafurushi mawili ndani ya furushi la mama, na programu yangu ilipomkuta wa kwanza iliridhika ikatoka. Nikaifanya isiridhike. Ikaingia tena, ikawatoa wote. Tulipita maboma yote kumi na tisa hivyo, mimi nikisoma, yeye akisema ndiyo, ndiyo, huyo ndiyo. Laptopu ilizima tukiwa tumeshanakili kwenye flashi. Nilichapa orodha mpya stendi, kwenye duka la mtu mwenye jenereta.

Alhamisi saa nne nilikuwa mbele ya meza ya bosi na orodha hiyo na barua ya ukurasa mmoja. Barua nilikuwa nimeiandika mara tano. Ilisema kwamba mkusanyaji wa Nainokanoka alifanya kazi sahihi, kwamba kosa lilikuwa la programu, na kwamba programu niliiandika mimi. Sikumtaja bosi. Nilifikiri sana juu ya hilo, nikaona ni busara. Sasa naliita jina jingine.

Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo.

"Hii siijui," akasema. "Sikiliza. Arusha wakisoma kwamba mfumo una kosa, watauliza kosa hilo liko wapi kwingine. Wilaya zote tatu. Ripoti zote za nyuma. Mradi unasimama. Wakisoma kwamba mtu wa porini alijaza fomu vibaya, wanasema apewe mafunzo. Basi. Jumatatu kazi inaendelea."

"Lakini hakujaza vibaya."

"Nafasi ya idadi iko wazi?"

"Iko wazi, lakini—"

"Basi. Andika barua nyingine, ya kwake. Kiswahili chako kizuri. Akisaini, naingiza maboma yake yote kumi na tisa awamu ya pili, leo hii, kabla ya saa saba. Asiposaini, sina sababu ya kubadili orodha iliyokwisha kupitishwa."

Mkusanyaji alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, mlango uko wazi. Alisikia yote. Nilipotoka alikuwa ameshasimama.

"Iandike," akasema.

"Kaka, ni uongo."

"Najua ni uongo, mimi ndiye niliyetembea. Iandike, saa zinakwenda."

"Nikikataa? Tukikataa wote wawili? Tunaweza kwenda wilayani, kuna ofisi ya mifugo, tunaweza kueleza kwamba—"

"Wilayani watatuambia tulete barua." Aliongea bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe utakaa kwenye benchi kama hili ukifikiri. Mimi nitarudi kumwambia yeyo nini? Kwamba tuko sahihi?"

Nikaiandika. Mimi, ambaye jina langu lilikuwa kwenye ile nyingine iliyoko drooni, niliandika kwa Kiswahili kizuri kwamba mimi mkusanyaji wa taarifa nakiri kutojaza kipengele cha idadi kwa uzembe na kutoelewa. Niliweka neno uzembe kwa sababu bosi alilitaka. Mkusanyaji aliisoma yote polepole, akauliza kutoelewa inaandikwa pamoja au mbalimbali, nikamwambia pamoja, akasaini. Bosi aligonga muhuri, akachukua orodha mpya bila kuiangalia, akaipeleka kwenye faksi. Ilikuwa saa sita na nusu. Kisha akaniambia nifute ule mstari wa sifuri kwenye programu kimyakimya, nisiandike popote kwamba nimeufuta.

Watu huniambia kwamba mwisho wake ndama walichanjwa. Ni kweli. Wiki tatu baadaye tulirudi Nainokanoka na mtungi umejaa, na bwana mifugo aliyeyusha dozi za maboma kumi na tisa. Bosi hakuja, picha alikuwa nazo tayari. Kwa bibi tulifika asubuhi. Alikuwa amewafunga tena kama siku ile, na safari hii mimi ndiye niliyeshika kikompyuta. Mkusanyaji aliwashika ndama vichwa, bwana mifugo akachoma, akabana hereni ya plastiki sikioni, akanisomea namba yake. Bibi alitaja, mkusanyaji akatafsiri, nikatafuta jina na kuingiza namba. Ilienda vizuri. Kila jina lilikuwepo.

Alipomaliza wa mwisho, bibi aliendelea kutaja. Alimtaja ndama wa Aliyerudishwa.

Nikatafuta kwa macho. "Yuko wapi?"

Mkusanyaji alimuuliza. Bibi alionyesha kwa kidevu upande wa nyuma ya boma, akasema maneno mawili.

"Alikufa," mkusanyaji akasema. "Wiki iliyopita. Matezi yalivimba, akaanza kukohoa povu. Ndigana."

Nilimgeukia bwana mifugo. Alijua nitauliza nini.

"Sijui, dada," akasema huku akifuta mikono kwa spiriti. "Huenda siku ile alikuwa tayari nao, na dozi isingemsaidia. Huenda ingemsaidia. Hakuna atakayekwambia."

Nimelifikiria hilo kwa namna zote ambazo kichwa changu kinaweza. Nimehesabu siku kwenda mbele na kurudi nyuma. Nimesoma kila nilichopata kuhusu ugonjwa ule, nikajua muda kati ya kupe na homa, na homa na kifo, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile ya kwanza alisimama pale amefungwa kamba, sindano ikiwa hatua kumi kutoka kwake, na kilichokuwa katikati yao ni tarakimu moja niliyoiweka kwa dakika moja ili mtu fulani asiaibike mbele ya wageni.

Bibi alisema jambo tena, akingoja.

"Anasema umwandike na huyo," mkusanyaji akaniambia.

"Yumo tayari kwenye orodha. Nimwandikeje? Hakuna nafasi ya aliyekufa."

"Si kuna Ongeza?"

Nikabonyeza. Ndani ya furushi la Aliyerudishwa, baada ya dume na vuli, niliongeza jina jipya na jibu lake: amekufa akisubiri chanjo. Mkusanyaji alimsomea bibi kwa Kimaasai nilichoandika. Bibi aliinama akakitazama kioo, ingawa hakujua kusoma, kisha akaenda kukamua.

Ofisini bosi alikuta hesabu hazilingani. Ndama waliosajiliwa walizidi waliochanjwa kwa mmoja. Programu yangu mpya ilikuwa imemhesabu, kwa kuwa ilikuwa haichagui majina. Aliniambia nimtoe. Nikamwambia sitamtoa. Nilitegemea sauti yangu itatetemeka na haikutetemeka, nadhani kwa sababu mara hii sikuwa nimeandaa sentensi. Alisema nitaandika maelezo. Nikamwambia maelezo yamo ndani ya rekodi, asome.

Hakusoma. Kila robo mwaka Arusha waliuliza kuhusu yule mmoja, na kila robo mwaka alinitumia ujumbe kwamba tofauti ile irekebishwe, nami nikajibu kwamba si kosa. Mkusanyaji alipelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili ya kujaza fomu, akapewa cheti, na mkataba wake ulipokwisha hawakumwongezea, kwa sababu kwenye faili lake kulikuwa na barua ya kukiri uzembe. Yule wa kumi, kumi na tano, ishirini, alipewa eneo lake. Mimi nilimaliza mwaka nikaondoka, nikarudi Rhotia kwa mama nikapalilia maharage msimu mzima, hasira ikiwa mikononi. Mama alisema sijawahi kupalilia vizuri namna ile.

Kijana aliyechukua kiti changu alinipigia simu mara moja tu.

"Dada, samahani kukusumbua. Kuna rekodi moja Nainokanoka inanichanganya. Haina namba ya hereni, haina dozi, halafu ina kipengele ambacho hakipo kwenye fomu. Nifute?"

"Usifute. Umekisoma hicho kipengele?"

"Nimeona tu hakitambuliki."

"Kisome."

Akakisoma kwa sauti, maneno yote matatu, kwa mwendo wa mtu anayesoma namba ya gari. Nikangoja. Nje mama alikuwa anamfukuza kuku kwenye maharage yaliyoanikwa.

"Sawa," akasema. "Lakini sasa dada, niiweke wapi? Bosi anataka ripoti kabla ya saa kumi."

Nilianza kumweleza. Nilianzia mbali, kwenye kitufe cha Ongeza, na sifuri, na barua, na pacha wa Mweusi Mkubwa, na nilipofika katikati nilisikia vidole vyake vinaendelea kuandika kwenye kibodi. Akasema ahsante sana dada, amenielewa, akakata.

Nadhani alimfuta. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kunipigia simu.